Je, Ngano za Bibi ni Uwongo?



Si zamani sana tulialikwa shamba, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Unguja, katika nyumba ya watu tunaowaheshimu. Nyumba yenyewe ni ya udongo na makuti, imezungukwa na migomba na minazi michache, na uani mwake umesimama mwarobaini ambao chini yake watoto hukusanyika kila jioni. Baada ya sala ya Isha na chakula cha usiku, bibi wa nyumba ile alitandika jamvi akakaa, na wajukuu zake sita wakamzunguka. Mkubwa wao ni msichana wa miaka tisa, na mdogo hajatimiza minne. Bibi akaita, "Paukwa!" Watoto wakaitika kwa sauti iliyowaamsha kuku tunduni, "Pakawa!" Papo hapo, ndani ya chumba, mtu akakohoa.

Kikohozi kile hakikuwa cha maradhi. Aliyekohoa ni baba wa watoto wale, mwana wa bibi yule, kijana mwema aliyesoma, asiyekosa sala ya jamaa msikitini, wala hatujapata kumsikia akimpandishia mama yake sauti. Lakini bibi alikwisha kukifahamu kikohozi kile. Akalipangusa jamvi kwa kiganja kana kwamba limeingia mchanga, akasema, "Haya, wajukuu zangu, kalaleni, kesho kuna chuo." Watoto wakaondoka mmoja mmoja. Haukupita muda tukawaona wawili wao wamejiinamia juu ya simu ya mjomba wao, wakitazama picha za katuni kutoka nchi za mbali, ambamo paka na panya hupigana nyundo za kichwa. Wala hapana aliyekohoa.

Baadaye baba yule alitoka akaketi nasi barazani, na kwa kuwa ni mtu wa haki akaanza yeye mwenyewe. Alisema, "Maalim, najua mmeona. Simzuii mama yangu kwa kiburi. Lakini nimesoma ya kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amemwonya vikali mtu asimuliaye maneno ya uwongo ili awachekeshe watu. Na hizi habari za sungura kumdanganya fisi, na papa kuzungumza na kima, ni nini kama si uwongo? Tena husimuliwa baada ya Isha, na tumefundishwa ya kuwa Mtume alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Mimi nitaulizwa juu ya watoto hawa."

Tulimwambia ya kwamba maneno yake ni mazito, na mtu aogopaye kuulizwa na Mola wake hajibiwi kwa mzaha. Tukamwomba atupe muda, na huo muda tumeutumia, na majibu tuliyompa tunayaandika hapa, kwani twajua ya kwamba kikohozi kama kile husikika katika nyumba nyingi.

Tuanze na lile dogo, la wakati. Ni kweli kabisa ya kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Lakini katika Bukhari humo humo mna mlango mzima wa mazungumzo ya usiku pamoja na wageni na watu wa nyumbani. Na Ibn Abbas, alipokuwa mtoto, alilala nyumbani kwa mama yake mdogo, Bibi Maymuna, mkewe Mtume, akaeleza ya kwamba Mtume alizungumza na ahali yake kitambo, kisha akalala. Kitambo, si mpaka jogoo la kwanza. Basi bibi na amalize ngano yake moja, watoto walale, waamke Alfajiri. Na anayetaka kumlaumu bibi kwa kitambo hicho, aitazame kwanza saa ambayo simu zetu huzimwa usiku.

La pili ndilo kubwa. Onyo juu ya mtu anayesema uwongo ili watu wacheke limepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, nasi hatuna ruhusa ya kulipunguza. Wako watu ambao kazi yao ni kumzulia mwenzao kisa, "fulani alianguka kisimani," "mke wa fulani alifanya hivi," na kumbe halikuwa lolote, ila wapate kuchekwa nalo barazani. Hao ndio wa kuogopa. Lakini uwongo ni nini? Uwongo ni kumwaminisha mtu jambo ambalo silo. Muuza samaki akikuambia changu huyu kavuliwa leo, na hali macho yake yameingia ndani, huyo amekudanganya, kwa sababu alitaka usadiki. Je, bibi aitapo "Paukwa" ataka nani asadiki nini? Neno lile ni mlango. Mtoto anapoitika "Pakawa" huwa amekiri ya kwamba anaingia katika nyumba ambayo fisi husema, na ngano ikiisha hutoka humo, akaenda zake kuosha miguu.

Hatukulizua jambo hili sisi. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, ndiye mtungaji wa Maqamat, kitabu cha visa vya kubuni vilivyojaa ucheshi, ambacho wanazuoni wamekisoma na kukieleza kwa karne nyingi ili kujifunza Kiarabu. Yeye aliogopa lawama ile ile aliyoiogopa ndugu yetu wa shamba, na katika dibaji yake akajitetea kwa kusema ya kwamba visa vyake vihesabiwe pamoja na vile vilivyotungwa juu ya wanyama na vitu visivyo na roho, ambavyo watu wenye akili hawakuvikataa. Fikirini hoja hiyo. Hakuona haja ya kutetea ngano za wanyama. Alizifanya kuwa ushahidi wake, kwa kuwa hapo kwao zilikwisha kukubaliwa. Na zilizokuwa mashuhuri ni zile za Kalila wa Dimna, ambazo Ibn al-Muqaffa alizitia katika Kiarabu katika karne ya 8 kutoka lugha ya Kiajemi ya kale, na Waajemi walizipata Bara Hindi.

Hapa twapenda kusimama kidogo, maana hizo ngano za Kalila wa Dimna si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Humo mna kisa cha nyani na kasa waliofanya urafiki, kisha kasa akataka moyo wa nyani, na nyani akajiokoa kwa kusema moyo wake ameuacha nyumbani. Je, ni nani katika pwani yetu asiyekijua kisa cha kima na papa? Kima alikaa juu ya mkuyu uliokuwa ukingoni mwa bahari, akimtupia papa matunda kila siku, hata papa akamwalika kwao, na walipofika katikati ya bahari akamwambia ya kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alimwuliza papa mbona hakumwambia mapema, kwani makima wakisafiri huacha mioyo yao mitini! Papa akamrudisha. Na baadaye alipomwita tena, kima akamsimulia habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Kisa ni kile kile cha Wahindi na Waajemi na Waarabu, lakini kilipofika kwetu kasa alikuwa papa, na mti ukawa mkuyu. Wazee wetu hawakukinakili kisa. Walikipanda upya katika udongo wetu, kikaota.

Tena kuna jambo la kutia haya kidogo. Mwaka 1864 alifika Unguja padri wa Kiingereza, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alikaa na watu, akasikiliza, akaandika, na mwaka 1870 kikachapwa London kitabu chake cha ngano za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kisa cha punda wa dobi kimo humo. Mwaka 1901 nyingi kati ya ngano hizo zikatoka tena kwa Kiingereza huko Chicago, Marekani, katika kitabu cha George Bateman. Hatumlaumu padri kwa kuandika. Alifanya kazi njema kwa lugha yetu, ingawa dini yake si yetu. Ila twajiuliza: wageni waliziokota ngano za bibi zetu wakazifunga katika majalada, nasi wenyewe tunawakoholea bibi zetu wanyamaze?

Na kuhusu kucheka kwenyewe, dini yetu si dini ya uso uliokunjwa. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kijindege cha kuchezea. Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye mikononi mwake yalikuwa mambo ya umma mzima, kila akija nyumbani kwao alikuwa akimwuliza mtoto yule habari za kijindege chake, na lile jina la mtoto na lile jina la kijindege yakalingana kwa vina, kama kijiwimbo. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Tazameni jambo alilolichagua kumchekeshea mtoto: hakumletea ajabu ya nchi za mbali, bali alimwuliza juu ya ndege wake mwenyewe. Na mtu mmoja alipomwomba mnyama wa kupanda, alimwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamjibu ya kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Alifanya mzaha, na katika mzaha wake hakusema ila kweli. Hicho ndicho kipimo cha juu kabisa, wala hatusemi ya kwamba ngano ya fisi inakifikia. Twasema tu ya kwamba mlango wa kumchekesha mtoto ulifunguliwa na mkono mtukufu.

Hata hivyo hatukumpa ndugu yetu haki nusu tu na kumnyima nusu yake. Si kila ngano ya kale ni njema, na mama zetu watatusamehe. Ziko ambazo kichekesho chake ni kilema au kipofu au mwenye kigugumizi, au watu wa kabila fulani. Hizo hazina nafasi katika nyumba ya Waislamu, kwani Surat al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kuwadharau watu, na huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka. Ziko vile vile zinazomfanya kila mama wa kambo kuwa mchawi. Tumepata kumwona mtoto aliyelelewa vizuri sana na mke wa baba yake, na kila ngano ya namna hiyo ikisimuliwa, mama yule huinuka akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Bibi mwenye busara huibadili ngano hiyo, na ngano haisikii uchungu.

Na Abunuwasi je? Kwanza tutoe tahadhari: Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na mashairi yake ya ulevi si ya kusomewa watoto. Abunuwasi wa bibi zetu ni mtu mwingine kabisa, amezaliwa katika mabaraza, na visa vyake vingi ndivyo Waarabu wanavyovisimulia juu ya Juha. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akachukua zote mbili wala hakuuliza. Mara ya pili aliazima sufuria kubwa zaidi, siku zikapita, jirani alipokuja akaambiwa, "Pole, sufuria yako imekufa." Wakaenda kwa kadhi, na hukumu ikawa ya kwamba aliyesadiki kuwa sufuria huzaa hana budi kusadiki kuwa hufa.

Watoto hucheka sana hapo, na wazazi wengi huachia hapo. Sisi twaona ya kwamba hapo ndipo kazi ya mzazi inapoanza. Mwulize mtoto: jirani alikosa nini? Atasema, alikuwa na tamaa. Vema. Na Abunuwasi je, sufuria ile haikuwa amana mkononi mwake? Tumeliuliza swali hili mbele ya watoto wa chuo, nao wakagawanyika makundi mawili wakashindana mpaka adhana ya Magharibi. Katika ushindani ule walilitaja neno amana mara nyingi kuliko tungeweza kuwatajia sisi kwa kuwahubiria wiki nzima. Kwa hiyo hatuoni haja ya kumfukuza Abunuwasi. Twataka tu asiondoke kabla hajaulizwa maswali.

Tuongeze neno moja dogo. Lugha yetu imeita vitu viwili kwa jina moja: maneno ya Mtume ni Hadithi, na habari za sungura ni hadithi. Tulipata kuulizwa na mtoto mmoja, kwa moyo safi kabisa, kama Mtume ndiye aliyesimulia juu ya fisi aliyekwama shimoni. Ndiyo sababu katika ukurasa huu tumesema ngano, nalo ni neno la wazee, na twawasihi wazazi walitumie nyumbani. Hapo kikohozi cha baba kina haki yake.

Baada ya kumwambia yote hayo, ndugu yetu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, hoja ya al-Hariri nimeielewa. Lakini al-Hariri aliwaandikia watu wazima. Mtoto wa miaka sita ajuaje kutofautisha?" Swali lile lilitupendeza kuliko yote. Tukamwambia hatutamjibu sisi; kesho usiku mama yake asimulie ngano moja, naye asikilize, bila ya kukohoa, awatazame watoto wake mwenyewe.

Basi usiku wa pili jamvi likatandikwa tena. Baba alibaki ndani, mlango wazi, na sisi barazani. Bibi akaita, watoto wakaitika, kuku wakaamka. Akachagua ngano ya Mwalimu Goso, ambayo nayo padri Steere aliiandika, ila bibi yule hajapata kukiona kitabu hicho, aliipokea kwa nyanya yake.

Mwalimu Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa akaupanda mbuyu kwenda kuiba matunda, na buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Bibi hakuwahi kuendelea. Mvulana wa miaka sita alikwisha kuruka katikati ya jamvi. "Bibi! Paa hapandi mti!" Na wote wakaangua kicheko, hata mdogo yule aliyekuwa amesinzia. Bibi akajibu kwa utulivu, "Kwa Mwalimu Goso alipanda."

Hilo ndilo jibu tulilotaka baba yao alisikie. Watoto wale wanamjua paa. Wameona nyayo zake msituni, wamemwona alfajiri akila majani ya kunde kondeni kwao, wanajua ya kwamba kwato zake hazishiki gome la mti. Kwa hiyo walipoambiwa amepanda mbuyu, hakuna hata mmoja aliyedanganyika, na kicheko chao ndicho ushahidi. Mtoto hucheka pale ambapo anajua kweli imepindwa. Asiyeijua kweli hacheki, husadiki. Na mvulana yule yule, asubuhi ya siku ile, alikuwa ametuuliza kwa wasiwasi kama paka wa Ulaya hafi akipigwa nyundo, kwani katika simu alimwona akibapata kama chapati kisha akainuka. Huko Ulaya hakufika, paka wake hamjui, nyundo ile hakuishika. Hana cha kupimia. Tukamwuliza baba, kwa sauti ndogo kupitia mlangoni: katika viwili hivi, ni kipi kilichomdanganya mwanao? Hakujibu, lakini hakukohoa.

Ngano ikaendelea. Wanafunzi wakaapa kumtafuta aliyemwua mwalimu wao. Wakasema ni upepo wa kusi, ndio uliotikisa buyu. Wakaushika kusi, wakaupiga. Kusi ukasema, "Lau mimi ningekuwa na nguvu, ningezuiwa na kiambaza?" Hapo bibi akaunyosha mkono akakigusa kiambaza cha nyumba yake, udongo na fito, ambacho kila mwaka kusi likivuma hulazimika kukandikwa upya upande wa bahari, na watoto hupewa kazi ya kukanyaga udongo. Wakakiendea kiambaza, nacho kikasema, lau kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Panya akasema asingeliwa na paka. Paka akasema asingefungwa kwa kamba. Msichana mkubwa akamsaidia bibi kuwaeleza wadogo kamba hutoka wapi: makumbi ya nazi hufukiwa pwani katika matope miezi kadhaa, kisha hufukuliwa yakapondwa, yakasokotwa. Alijua kwa kuwa mikono yake mwenyewe imewahi kunuka harufu ile.

"Wakaiendea kamba wakaipiga," akasema bibi, "kamba ikasema, lau mimi ningekuwa na nguvu, ningeunguzwa na moto?"

"Kisu, Mama!" ikatoka sauti chumbani. "Kamba hukatwa na kisu. Kisu ndicho kiunguzwacho na moto."

Kimya kikaingia, kisha watoto wakacheka kuliko walivyocheka kwa paa. Tulimtazama bibi kwa mwanga wa taa. Amesimulia ngano ile miaka hamsini, wala hatukuamini hata kidogo ya kwamba amekisahau kisu.

"Ahsante, mwanangu," akasema, "uzee huu." Akaendelea: kisu kikalalamika juu ya moto. Mvulana akauliza kisu cha chuma chaunguaje, bibi akamwambia mpini ndio unaoungua, na kisu bila ya mpini hakikati hata kitunguu. Moto ukalalamika juu ya maji, maji yakasema yanywewa na ng'ombe, ng'ombe akasema aingiliwa na kupe, na kupe akasema aliwa na paa. Wakamwendea paa. Wakamwuliza kama ndiye aliyemwua mwalimu wao. Paa akanyamaza, hana la kusema. Wakamchinja.

Kwa kawaida ngano huishia hapo. Lakini msichana wa miaka tisa alikuwa amekunja uso. "Bibi, paa ana kosa gani? Yeye ni mnyama. Hakujua kwamba chini kuna mwalimu."

Bibi akasema, "Mimi nilipewa ngano, mjukuu wangu, sikupewa hukumu yake. Hukumu mwulize baba yako, ndiye aliyesoma."

Ndugu yetu akatoka chumbani. Alisimama kidogo, kisha akaketi ukingoni mwa jamvi, mdogo akamparamia magotini. Akawaeleza ya kwamba Mtume wetu amefundisha, na Bukhari na Muslim wamepokea, ya kuwa jeraha analolitia mnyama halina malipo, kwani mnyama hana akili ya kukusudia. Ikiwa mtu amemchochea au amemwongoza, hilo lina maneno mengine. Kisha akawaambia ya kwamba wanafunzi wale walipiga watu kumi kabla ya kuuliza, na kunyamaza kwa paa si kukiri.

"Basi wanafunzi walikosa?" akauliza mvulana.

"Walikosa."

"Na walikuwa wanasoma chuoni!"

"Labda," akasema baba yake, na hapo ndipo tulipomwona akitabasamu, "Mwalimu Goso alikufa kabla hawajafika mlango huo."

Watoto wakalala juu ya jamvi kwa kucheka. Naye, akiona wamesikiliza vizuri, akapata moyo, akaingia katika mlango wa diya: diya ya kukusudia na diya ya kukosea, na yule anayelipa na wale wanaosaidia kulipa, na tofauti za wanazuoni katika jambo hilo, akieleza moja baada ya moja kwa utaratibu mzuri sana. Mdogo alilala wa kwanza. Wa pili akaegemea bega la dada yake. Mvulana akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake. Ndugu yetu alikuwa bado yuko kwenye ngamia wa miaka mitatu na ngamia wa miaka minne, pale upande wa pili wa jamvi bibi alipokohoa.